Barazani kwa Mjomba: Kila mmoja ananiletea programu yake, mwenye tovuti ni mimi

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Lushoto. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba. Niseme mapema kwamba si gesti ya wageni wa saa moja. Wanaokuja kwangu ni watu wa kupanda milima, wazungu wa Juni hadi Septemba, na familia za Dar zinazokimbia joto Desemba na Pasaka. Asubuhi nawapa chai ya maziwa na mkate ninaouoka mwenyewe, jioni nawawashia moto, maana baridi ya huku mwezi wa saba unaijua kama umewahi kufika.

Shida yangu ni tovuti. Najua barazani kwako watu huleta mambo ya ndoa na mirathi, ila hili nalo limeninyima usingizi na sasa limeingia kwenye undugu.

Mwaka 2021 nilimpa kijana mmoja laki nane anitengenezee tovuti. Akaitengeneza, ikapendeza, nikaionesha kanisa zima. Nikachapisha vipeperushi 500. Nikamlipa mchoraji aandike anwani ya tovuti kwenye kibao cha njia panda, kwa herufi nyekundu. Lakini kila nilipotaka kubadili bei ilibidi nimpigie yule kijana, naye jibu lake lilikuwa moja: "Kesho, mama." Bei ya zamani ilikaa pale miezi mitano. Wageni wananionesha simu zao, "Hapa imeandikwa elfu arobaini." Nikawa nawatoza hiyohiyo, ningefanyaje?

Mwaka wa pili mgeni mmoja Mjerumani akaniambia kwa upole kwamba anwani yangu inafungua matangazo ya kamari. Nikaangalia kwenye simu, kweli kabisa. Kumpigia kijana, namba haipatikani mpaka leo. Baadaye nikaelezwa kwamba jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina lake na barua pepe yake, muda wake ukaisha, wengine wakalichukua. Kile kibao kilikaa wiki tatu kabla sijapata mtu wa kukipaka rangi, na kila nilipopita pale nilijifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Tangu hapo nategemea WhatsApp, pamoja na mtandao mmoja wa kuuza vyumba ambao kwangu unakata asilimia 15 kwa kila mgeni. Mwaka huu nimejikaza. Nimetenga laki nne na nusu kutoka mgao wa kikoba, nikasema safari hii nitajifunza mwenyewe. Ndipo walimu walipojitokeza.

Wa kwanza ni kijana wa kaka yangu, anasoma kompyuta Dar, mwaka wa tatu. Anasema nisiguse kitu kingine ila WordPress, ile ya kuipakua na kuiweka kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi inayotunza tovuti, kwamba hiyo ndiyo ya watu wanaojielewa. Yuko tayari kunijengea bure likizo hii. Ada yake tunaichanga ukoo mzima, mimi nikiwemo, na wifi yangu ameshatamka kwamba sasa ni zamu ya mtoto kurudisha fadhila. Nikikataa, itaonekana simwamini mtoto wao.

Wa pili ni binti yangu, yuko Muscat kikazi. Yeye anasema Wix: unaburuta picha, unaiweka unapotaka, basi. Atalipia kwa kadi yake kila mwaka. Alinionesha kwa simu ya video nikaona kweli ni rahisi. Ila binamu yake akamcheka kwenye kundi letu la familia, akaandika "hiyo ni ya watoto". Binti naye akajibu, sitasema alijibu nini. Sasa hawasalimiani.

Wa tatu ni mwalimu mmoja, mwenzangu kwenye kwaya. Ametengeneza ukurasa wa shule yao kwa Google Sites bila kutoa hata senti, na ananishangaa nataka kutupa hela.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Usiku mmoja, wageni wameshalala, nilikaa na laptopu yangu ya mtumba nikafungua akaunti ya WordPress. Sikukuta hata kimoja alichonieleza kijana wa kaka. Nilipotafuta ile plagini, yaani kiongezo cha programu, ya kupokea nafasi za vyumba aliyoisifia, nikaambiwa nilipie kwanza. Nikaandika orodha ya bei, ikatokea na tarehe juu yake kama habari ya gazeti. Saa tano umeme ukakatika. Asubuhi nikaitafuta ile orodha sikuiona tena. Nimesoma hadi kidato cha nne, hesabu za nyumba hii naziandika mwenyewe tangu 2017, lakini usiku ule nilijiona mjinga.

Mjomba, programu ipi ni sahihi kwa anayeanza, ambayo haitaniangusha tena? Na huyo nitakayemkataa, nitamwambia nini?

Mwenye Vyumba Sita, Lushoto

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu. Pole na kibao. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale njia panda, nikakuona unapekua pochi isiyo na kitu cha kutafuta. Aibu ya namna hiyo haiishi kwa kupaka rangi, na nadhani ndiyo inayouliza swali lako la kwanza.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yamesukwa ukili mmoja. Kuna programu, na mtu anayeanza amewekewa mezani tatu kwa mpigo. Kuna ndugu, ambao kila mmoja ameshika yake kama bendera. Na kuna laki nane za 2021. Umeniuliza ni programu ipi haitakuangusha tena. Naomba tuanze na hiyo "tena".

Ile tovuti ya kwanza ilijengwa kwa programu gani? Hukuiandika, na nahisi huijui. Wala si kosa, kwa sababu programu haikuhusika. Ingekuwa WordPress ingekufa vilevile, ingekuwa Wix ingekufa, ingekuwa imeandikwa kwa mkono herufi kwa herufi nayo ingeishia kwenye kamari. Kilichokufa ni jina. Jina la tovuti, ambalo mafundi wanaliita kikoa au domeini, hulinunui moja kwa moja. Unalikodi kwa mwaka au miaka kadhaa kutoka kwa msajili, na anayetambuliwa kuwa mwenyewe ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Majina ya .com yakiisha muda bila kulipiwa, msajili huyafuta, kisha kuna siku 30 za kuyakomboa kwa ada ya ziada. Zikipita, jina linarudi sokoni na yeyote anaokota. Wapo wanaovizia majina ambayo tayari yameandikwa kwenye vipeperushi na vibao vya watu, maana wanajua wageni wataendelea kuja. Vipeperushi vyako 500 viliwafanyia kazi wenye kamari.

Kwa hiyo kabla ya kuamua chochote kuhusu hao walimu watatu, kuna kazi ambayo haimhusu hata mmoja wao. Jina jipya, liwe .com au .co.tz kupitia msajili aliyeidhinishwa, lisajiliwe kwa jina lako, namba yako ya simu na barua pepe yako. Barua pepe hiyo isiwe ya tovuti hiyohiyo. Hapa watu wengi hujikwaa: wanajisajili kwa barua pepe inayoishia na jina la tovuti yao, jina linaisha muda, barua pepe inazimika nalo, na ile taarifa ya "lipia jina lako" inatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Tumia anwani ya kawaida unayoifungua kila siku. Ukiweza lipia miaka miwili au zaidi kwa mkupuo, risiti uiweke na hati ya kiwanja.

Uzuri wa kushika jina ni kwamba unaweza kulielekeza Wix mwaka huu, ukalihamishia WordPress mwaka kesho, na mgeni aliyelihifadhi kwenye simu asijue kama umehama. Ndiyo maana swali la programu, kwa maoni yangu, ni dogo kuliko linavyokuogopesha. Ukikosea programu unahama. Ukikosea jina, umeshaona.

Sasa ile miezi mitano ya elfu arobaini. Nayo nimeitazama, na nayo sikuiona programu ndani yake. Namwona mtu mmoja mwenye funguo na mwingine mwenye nyumba. Kwa hiyo swali ambalo ningependa uwaulize walimu wako wote watatu, badala ya kuwauliza ipi ni bora, ni hili: Jumapili saa tatu usiku, bei imepanda, mtandao unasuasua na wewe uko Dar kwenye mtihani au Muscat kazini, mimi nitaibadilije bei hiyo kwa simu yangu? Kisha wasikuoneshe kwa video. Wakae pembeni, kidole kiwe chako.

Kuhusu usiku ule, usijiite mjinga. Ulikutana na shida inayowapata karibu wote wanaoanza: WordPress ziko mbili na zinaitwa jina moja. Ya kijana wa kaka yako ni programu huria, ilianza mwaka 2003, haina bei, unaipakua na kuiweka kwenye nafasi uliyopanga kwa kampuni ya seva. Nyingine ni huduma ya WordPress.com, ambako kampuni moja inakuwekea kila kitu, nawe unalipa kadiri unavyotaka mambo zaidi. Wewe ulifungua mlango wa pili ukiwa na maelekezo ya mlango wa kwanza. Na ile orodha ya bei uliiandika kwenye machapisho, yanayobeba tarehe kama habari, badala ya kurasa, zinazokaa palepale. WordPress ilizaliwa kuwa programu ya watu wa blogu, ndiyo maana machapisho yanajitokeza mbele. Huenda orodha yako bado ipo kwenye rasimu. Ingia tena mchana, uangalie.

Kijana wa kaka yako hajakudanganya. Zaidi ya tovuti nne kati ya kila kumi duniani zinaendeshwa kwa WordPress, kwa hiyo hata yeye akiondoka, fundi mwingine anayeijua utampata Tanga, Arusha au Dar. Unaweza kuhama seva ukabeba kila kitu. Plagini za kupokea nafasi za vyumba zipo nyingi, na baadhi zinaongea na kalenda ya ule mtandao wa asilimia 15, ili chumba namba tatu kisiuzwe mara mbili usiku mmoja. Hilo si jambo dogo kwa mwenye vyumba sita.

Ila kuna upande ambao kijana wa mwaka wa tatu huenda hajauona, kwa sababu hajawahi kutunza tovuti ya mtu kwa miaka mitatu. WordPress ya kuweka mwenyewe ni kama kuku wa mayai: haikai bila kuangaliwa. Programu yenyewe, templeti (ule mpangilio wa sura ya tovuti) na kila plagini vina masahihisho yake, na plagini iliyoachwa bila kusahihishwa ndiyo tundu ambalo wezi hupenda kupitia. Kuna nakala ya akiba ya kuweka mara kwa mara. Yeye mwakani atahitimu, Mungu akipenda atapata kazi, na mwajiri wake hatamruhusu saa nne asubuhi arekebishe tovuti ya shangazi. Je, utaweza kazi hiyo? Labda. Wewe ni mtu wa daftari. Lakini iamue ukiijua kuwa ni kazi.

Binti yako naye ana hoja. Wix ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe hasa: seva, ulinzi na masahihisho ni juu yao, wewe unapanga picha na maneno. Hatari yake iko kwenye kutoka. Tovuti uliyoijenga mle huwezi kuifunga kama mzigo ukaiweka kwa mwingine. Ukihama unanakili maneno na picha, unajenga upya. Kwa kurasa tano za nyumba ya wageni hiyo ni kazi ya siku mbili tatu, si msiba, lakini ijue. Toleo la bure linaweka tangazo lao juu ya ukurasa wako na halikuruhusu kutumia jina lako mwenyewe, kwa hiyo hesabu yako ianzie kwenye toleo la kulipia. Na templeti ukishaichagua ukajenga juu yake, huwezi kuibadilisha kwa nyingine, kwa hiyo usiichague usiku wa kwanza.

Kuna jambo jingine hapo, nalisema taratibu kwa sababu ni mwanao. Kadi yake. Kadi huisha muda, kazi za ughaibuni hubadilika, mtu huolewa, huhama benki. Akilipia yeye, akaunti iwe ya nani? Ikiwa ya barua pepe yake, umerudi palepale ulipokuwa 2021, tofauti ni kwamba safari hii mwenye funguo anakupenda. Inawezekana akaunti ikawa yako, yeye ukamkaribisha ndani kama msaidizi kwa barua pepe yake, huku malipo yakitoka kwake. Vivyo hivyo WordPress: wewe ndiye msimamizi mkuu, kijana wa kaka ana jina lake la kuingilia. Usimpe mtu nywila yako. Mfungulie mlango wake, ili siku ukitaka kuufunga usibomoe nyumba.

Mwalimu wa kwaya nisimpite haraka, ingawa naona wewe umempitia. Google Sites kweli haina malipo, unaweza kuiunganisha na jina lako mwenyewe, na kwa kurasa chache za maneno, picha na ramani inatosha. Urembo wake ni mchache na mfumo wa vyumba haina. Vya bure pia vina tabia ya kufungwa na mwenye navyo. Machi 2024 Google hiyohiyo ilizima zile tovuti ndogo zilizotengenezwa ndani ya wasifu wa biashara kwenye ramani, na wengi waliozitegemea wakaanza upya. Wasifu wenyewe umebaki, ni bure, na sijui kama unao. Mtu aliyeshuka basi Mombo, ameshika simu anatafuta pa kulala Lushoto, atauona huo kabla ya tovuti yoyote.

Hapa nikuulize kitu ambacho barua yako haikukisema. Unataka mgeni afanye nini akifika kwenye tovuti? Aone na kukupigia, au alipe chumba palepale kwa kadi? Kama ni kuona na kukutumia ujumbe, programu zote tatu zinaweza, na kitufe cha WhatsApp ni kiungo tu cha wa.me kikifuatiwa na 255 na namba yako bila ile sifuri ya mbele. Kama ni kulipa, umeingia kwenye habari ya kampuni za malipo, makato yao, na kama zinafanya kazi na akaunti ya benki ya Tanzania. Kabla hujalipia programu yoyote ya kigeni kwa sababu imeandika "inapokea malipo", hakikisha inapokea kwa mfanyabiashara aliyeko Tanzania. Nyingi zinamaanisha nchi nyingine. Na ukiweka fomu inayokusanya majina na namba za watu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Uliza tu unachokihitaji, pasipoti utaiona mgeni akifika.

Tena, wageni wako ni nani? Umesema Desemba na Pasaka ni familia za Dar. Wote watatu, kama nimewaelewa, wanakujengea tovuti ya Mjerumani. Familia ya Tabata itasoma Kiswahili, na itataka kujua kama kuna godoro la ziada la mtoto, na kama gari dogo linapanda mpaka mlangoni wakati wa mvua.

Picha pia. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti nne. Vyumba sita, picha nne kila kimoja, umefika megabaiti 96, na huyo mgeni wa Mombo bando lake limekwisha kabla hajaona kitanda. Zipunguze kwanza zisizidi kilobaiti 200 kila moja, hazitaonekana mbaya. Mwenye programu nzuri na picha nzito ana tovuti mbaya. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeshapoteza bando nyingi kwenye tovuti za hoteli.

Hiyo "ya watoto" imenichekesha, halafu ikanikumbusha mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilipewa kazi ya kutunza kurasa za chama chetu cha ushirika, nikazitengeneza kwa FrontPage, programu ya Microsoft ya kujengea tovuti. Mafundi walinicheka kwa maneno karibu hayohayo. Toleo la 2003 likawa la mwisho, programu ikafa. Lakini chini ya zile kurasa kulikuwa na HTML ya kawaida, lugha ya kuandikia kurasa iliyoanza na Tim Berners-Lee kwenye kituo cha utafiti cha CERN na ambayo vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti, vinaisoma mpaka leo, kwa hiyo nikabeba mafaili yangu nikaondoka. Waliocheka walikuwa sahihi kuhusu FrontPage, na kurasa za ushirika bado zilifunguka. Sijui kama hadithi hii inamsaidia binti yako au kijana wa kaka. Kidogo wote.

Tuje kwenye fedha. Laki nne na nusu usiigawe kwa mwaka mmoja. Uliza bei ya mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu kampuni nyingi za seva na za tovuti huweka bei ya mwaka wa kwanza chini ili uingie. Na zinazotozwa kwa dola zitapanda na dola hata wao wasipopandisha. Andika miaka mitatu kwenye daftari, mistari miwili: WordPress na seva yake, Wix na jina lake. Bure ya Google Sites nayo iandikie gharama ya jina.

Na bure ya kijana wa kaka? Hiyo ndiyo sikuielewa bei yake. Wifi yako anaiita kurudisha fadhila. Je, wewe ulichanga ada ukitegemea kurudishiwa? Kama hapana, basi kazi hii ikiwa fadhila, siku tovuti ikileta shida utashindwa kulalamika, kama ulivyoshindwa kulalamika ile miezi mitano. Pengine ukimlipa kidogo, hata nauli na chakula cha wiki, utapata ulimi wa kusema "hapa sijapenda". Lakini unamjua wifi yako kuliko mimi; kuna nyumba ambako kumlipa mtoto ni tusi.

Umesema ukikataa itaonekana humwamini. Nimejiuliza kama ni yeye usiyemwamini, au ni hali ya kumsubiri mtu mwingine akubadilishie bei. Hayo ni mambo mawili. La pili unaweza kumwambia wazi bila kumvunja moyo: "Mwanangu, uwezo wako sina shaka nao. Nilishaachwa nje ya nyumba yangu mara moja, ndiyo maana nataka funguo nizishike mimi." Kijana mwenye akili atalisikia. Atakaposikia, kuna kazi anayoweza kuifanya hata ukichagua programu ya binamu yake: kukaa nawe siku mkisajili jina, kukueleza kila kisanduku kinataka nini, kupunguza picha. Na binti anaweza kuandika maneno ya Kiingereza hata mkijenga kwa WordPress. Hatari ya kuwagawia hivyo ni kwamba tovuti yenye wapishi wawili waliogombana inaweza kukaa miezi haijaiva, nawe ukawa mpeleka ujumbe kati yao. Mpigie kila mmoja peke yake. Kwenye kundi la familia usiandike neno juu ya hili, hata la kuwapatanisha. Lile kundi limeshahukumu.

Sitakuchagulia, mpwa wangu. Ningekuwa nawe hapo ningekuomba kitu kimoja: Jumapili hii wageni wakishaondoka, chukua daftari uandike ukurasa mmoja tu, vyumba na bei. Kisha ujenge ukurasa huo mara mbili, kwenye programu mbili utakazoona zinakufaa, kwa majaribio ya bure. Ya kijana wa kaka anaweza kukuwekea kwenye laptopu yako bila kulipia seva. Kesho yake ubadilishe bei. Keshokutwa uibadilishe tena, peke yako. Angalia ni wapi mara ya tatu mkono haukutetemeka, na wapi ulitamani kumpigia mtu. Ukishaona, uongee na watoto.

Kibao cha njia panda, kwa sasa kimeandikwa nini? Kama bado ni rangi tupu, mwite mchoraji aweke jina la nyumba na namba yako ya simu, kubwa. Chini aache nafasi ya mstari mmoja, mpaka risiti ya jina iwe mkononi mwako.

Na uniandikie bei ya chumba ya mwezi wa saba. Baridi ya huko naijua.

Mjomba